Mashine ya Baba na Upande wa Kibla

Betri ikivuja huwa na harufu yake kali, ya chumvi na kutu, na nyinyi wenzangu mliokulia enzi za redio za betri hamhitaji kuelezwa. Nilikutana na harufu hiyo juzi tulipokuwa tukitoa vitu vya marehemu Baba kabatini. Chini ya mashati yake kulikuwa na kile kidude cha kijivu, kinene kuliko simu za leo, raba yake imelainika hata inanata vidoleni. Mwanangu alikigeuza akaniuliza hii ilikuwa simu ya namna gani, mbona haina pa kusemea. Nikamwambia ni GPS. Alicheka sana, kwani kwake yeye GPS si kitu cha kushika mkononi, ni kitu kilichomo ndani ya simu kama ilivyo saa. Mimi nikaketi kitandani nacho, na kazi ya kutoa vitu ikaishia hapo kwa siku ile.

Tulikaa Mtongwe, upande wa Likoni, Baba, Mama, mimi na Bibi mzaa baba, katika nyumba ya mabati yenye ua wa mchanga na kisima pembeni. Baba alikuwa fundi wa winchi bandarini. Siku za kazi alikuwa baba kama baba wengine, anatoka na ovaroli safi na kurudi nayo chafu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mtaa mzima uliushangaa: alipenda kutembea. Sisemi kutembelea jamaa. Mwisho wa juma ukifika alikuwa anavaa viatu vizito, anakutana na wenzake wawili watatu wa kazini, wanakwenda Shimba kupanda vilima, kutazama maporomoko ya maji, kisha wanarudi. Basi. Hawakuleta kuni, hawakuleta asali, hawakuleta hata ukwaju.

"Huko kuna nini?" Bibi alimuuliza kila mara.

"Hakuna kitu, mama. Ni miti na hewa."

"Miti na hewa hapa hatuna?"

Kwetu mtu mzima akizidi kutembea bila haja, watu humwazia mengine, na neno lenyewe "kutembea" mwalijua lina mikunjo yake. Jirani mmoja alikuja kumwambia Mama kwamba amemwona Baba Kiembeni, mbali huko kaskazini ng'ambo ya kisiwa, amevaa shati lake la buluu na mkate mikononi. Mama alimjibu kwamba wanaume wenye mashati ya buluu ni wengi. Nilikuwa hapo nachambua mchele, na nakumbuka nilimwamini Mama kabisa.

Wale watembeaji walikuwa wamewahi kupotelea msituni mchana kutwa, ndipo wakaazimia kununua mashine. Baharia mmoja aliyejuana na Baba alileta orodha ya bei yenye picha, na wakaifanyia kikao barazani kwetu kana kwamba wanachagua mchumba. Mmoja aliitaka ile iliyokuwa na ramani ndani yake, mpaka Baba aliposoma chini akagundua ramani yenyewe ni ya Marekani. Mwengine akataka ndogo kuliko zote ikae mfuko wa shati. Baba akasema ndogo ina vitufe vidogo, na mtu aliye juu ya jabali mkono mmoja ameshika mti, atabonyeza nini? Yeye alitaka itumie betri zile zile za redio, ziuzwazo kila duka. Alitaka isiyoogopa mvua. Na juu ya yote alitaka iwe na mshale, si namba tupu. "Namba zataka mtu aliyetulia," alisema. "Mtu aliyepotea hakutulia."

Miezi ikapita, baharia akarudi, na mashine ikafika ikiwa imefungwa ndani ya soksi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza maswali mengi kuliko hao wenzake, Baba akawa ananifundisha mimi. Alisema nikiweza kukitumia vizuri atanichukua Shimba. Sikuwahi kutamani kitu kama nilivyotamani safari hiyo. Nilijiona nimeshika mshale mbele, na wanaume wazima wananifuata.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba ndani ya nyumba hakioni kitu. Lazima utoke uani, chini ya mbingu tupu, ukiinue usoni na kusubiri. Kwenye kioo kulikuwa na duara kubwa, na ndani yake viduara vidogo vyenye namba. Baba akasema kila kiduara ni setilaiti, iko juu kabisa, na hiki chatafuta nne ili kijue kilipo. Nikamuuliza kama zatuona. "Zaona dunia nzima," alinijibu, akili yake ikiwa kwenye vitufe. Basi toka siku hiyo sikutoka uani na mashine ile bila mtandio kichwani. Kuonwa na macho manne ya mbinguni huku nywele ziko wazi niliona ni aibu kubwa. Bibi hakujua sababu, lakini alinisifu kwa wageni kwamba mjukuu wake ameanza kujisitiri mapema.

Jambo la pili lilinitia hofu. Nilikiweka juu ya ukuta wa kisima nikakitazama, na kikasema twaenda. Polepole, lakini twaenda, mara upande huu, mara upande ule. Kisima hakikutikisika. Nilikwenda kuitazama bahari kuona kama imesogea. Usiku ule nililala nikiwa nimeshika ubao wa kitanda, kwa kuwa nilikwisha amini kwamba nyumba yetu yaondoka kidogo kidogo na watu wazima hawana habari. Nilipomwambia Baba alicheka hata akakohoa. Akanieleza kwamba Wamarekani ndio wenye setilaiti, na kwa sababu ya mambo yao ya vita huzitia uongo kidogo makusudi, ili asiye mwenzao asipate mahali sawasawa.

"Kwa hivyo twajua kwamba watudanganya?"

"Twajua. Twazoea tu."

Jambo la tatu ndilo lililokuwa gumu kulielewa. Ukisimama, mshale haujui kitu; huzunguka ovyo. Mpaka utembee hatua kadhaa ndipo kitambue umeelekea wapi, na mshale utulie. Bibi alipopewa kukishika aliuliza swali ambalo mtu yeyote wa umri wake angeuliza.

"Hebu nionyeshe kibla kiko wapi."

Lazima niseme hapa, kwa wasiotoka kwetu, kwamba Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwetu. Kwa hiyo wazee wa Mombasa hawana haja ya neno jingine: kaskazini ndiyo kibla. Hata ukiuliza njia ya dukani utaambiwa shika kibla mpaka kwenye mnazi, kisha ingia ndani. Baba akamwambia Bibi atembee kwanza. Bibi akasimama katikati ya ua na fimbo yake, akakitazama kile kidude kwa dharau.

"Yaani mimi nitoke mbio uani ndipo hiki kinijulishe kibla nilichokijua tangu kuzaliwa?"

Akanirudishia, akaenda kutia udhu.

Kisha ikawa Baba ana kazi Malindi, siku chache, mitambo ya watu imekwama. Kabla hajaondoka aliniachia mashine na zoezi. "Tia alama hapa nyumbani, uiandikie jina. Kisha nenda mpaka shuleni, ukiamrishe kikurudishe. Ukirudi kwa mshale bila kutazama njia, umefaulu. Shimba twaenda." Alinipa na betri mpya. Mpaka leo nashangaa jinsi alivyonikabidhi mwenyewe, kwa furaha, huku akinipapasa kichwa.

Alipoondoka tu nikavaa mtandio, nikasimama uani. Setilaiti zikaja. Nikabonyeza alama, nikaanza kuandika jina, herufi moja moja kwa kitufe cha kupanda na kushuka: N, Y, U, M, B, A. Nikathibitisha. Kikakataa. Kiliandika kwa Kiingereza maneno niliyoyajua kutoka shuleni, kwamba jina hilo lipo tayari. Nikaandika tena, kikakataa tena.

"Wapigana nacho?" Bibi aliniuliza kutoka barazani.

"Chasema nyumba ipo tayari, Bibi."

"Nyumba ya nani?"

"Sijui. Ngoja kituonyeshe."

Nikakiamrisha kinipeleke NYUMBA, nikaanza kutembea kutoka kisimani kwenda mlangoni. Mshale ukazunguka, ukatulia. Haukuonyesha nyumba yetu, iliyokuwa mbele ya pua yangu. Ulielekea kule kule, upande wa bahari na kisiwa, upande ambao Bibi huuelekea mara tano kwa siku. Niligeuka nikatembea kinyume, mshale nao ukageuka, ukaonyesha kule kule.

"Bibi! Chaonyesha kibla!"

Bibi alinyanyuka bila fimbo. Akaja akanishika bega, akanitembeza uani huku na huku, macho yake kwenye kile kioo, na kila tulipogeuka mshale ulirudi pale pale. Akaniuliza imeandikwa nini. Nikamsomea. Machozi yakamlenga.

"Subhanallah. Si Nyumba hiyo? Ile Nyumba Tukufu yenyewe. Tena wameiandika kwa Kiswahili."

Nami niliona yaeleweka. Watu walioweza kutundika macho mbinguni wangeshindwaje kujua Kiswahili? Kulikuwa na dosari moja tu: mshale haukulingana kabisa na msala ambao Bibi husalia. Uliinama kidogo kuliani. Nilimkumbusha kuhusu uongo wa Wamarekani, lakini Bibi alisema huenda ni yeye aliyekosea miaka yote, maana msala aliutandika kwa kufuata ukuta, na ukuta ulijengwa na fundi aliyekuwa mlevi wa tembo. Akaenda chumbani akauzungusha, ukaelekea pembe ya kabati. Akasali Alasiri hivyo, kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kumwona nao.

Mimi bado kitu kilinikereketa. Chini ya mshale kulikuwa na namba ya masafa. Jioni Mama alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, nikamuuliza Makka ni mbali kadiri gani.

"Mbali sana, mwanangu. Watu hupanda ndege asubuhi."

"Mashine yasema kilomita kumi na mbili."

"Imeharibika."

"Haikuharibika. Baba mwenyewe ndiye aliyeiandika, jina liko humo. Nyumba."

Mama alikuna kidogo, kisha akaacha. Alinawa mikono, akajifunga leso, akaniambia nimwonyeshe. Tulitoka uani, tukapita njia ya minazi mpaka kwenye kilima kidogo ambapo waona kivuko, na kisiwa, na nyuma ya kisiwa bara jingine lenye moshi wa viwanda. Nilitembea mbele na mashine, yeye nyuma yangu. Mshale ulikuwa umetulia vizuri kuliko siku zote. Mama alisimama akatazama ulikoelekea, juu ya paa za kisiwa, kule kaskazini. Mimi nikawa namweleza habari za setilaiti nne. Nilidhani anasikiliza.

"Twende," alisema mwisho. "Mshale umefanya kazi yake."

Nyumbani aliiweka mashine juu ya kabati. Nilitegemea atamwambia Bibi arudishe msala, kwa kuwa hata mimi nilikuwa nimeanza kushuku kwamba Makka ya kilomita kumi na mbili si Makka. Hakumwambia. Bibi alisali Magharibi ameelekea pembe ya kabati, na Isha, na siku zilizofuata, na Mama alipita mlangoni na taa akaendelea na kazi zake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Acha hivyo hivyo mpaka baba yako aje auone." Mwenyezi Mungu, aliongeza, huangalia nia ya mtu, na nia ya Bibi ilikuwa safi kuliko ya watu wengine.

Baba alirudi mchana, mfuko begani, akatuletea halua. Nilimkimbilia mlangoni nikampa shikamoo yangu juu juu, maana nilikuwa na mengi ya kumwambia. Lakini alikwisha chungulia chumbani kumsalimu mama yake, akamwona yuko juu ya msala. Alisubiri mpaka akatoa salamu.

"Shikamoo, mama. Mbona umekaa upande?"

"Marahaba. Ndoo uone, mwanangu." Bibi alikuwa amejawa na furaha. "Hiki kidude chako nilikidharau, Mungu anisamehe. Ndicho kilichonisahihisha kibla."

Baba hakuelewa. Mimi nikamweleza yote, kwa fahari, tangu jina lilipokataa mpaka mshale ulipotulia. Mama alikuwa amekuja akasimama nyuma yetu. Nilipofika kwenye neno "nyumba", uso wa Baba uliondokwa na damu. Nimeshaona watu wengi wakinaswa na siri zao tangu siku hiyo, lakini ule ndio uso wa kwanza niliouona, na sikuujua maana yake. Nilidhani amechoka safari.

"Rudisha msala, mama," alisema taratibu. "Kibla ni kile kile cha zamani."

"Kwani Nyumba imehama?"

"Hiyo siyo Nyumba hiyo."

"Ni nyumba gani, basi?"

Baba aligeuka, akamkuta Mama nyuma yake. Bibi alimtazama yeye, akamtazama Mama, akautazama msala wake ulivyolala kuelekea kabati. Hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Akashika kifua.

"Astaghfirullah! Siku zote hizi mwaniacha nikimsujudia mke wa mtu?"

"Si mke wa mtu," alisema Mama. "Ni mkaza mwanao. Au sivyo, baba Rukia?"

Rukia ni mimi. Nilisikia jina langu likitajwa kwa sauti nisiyoijua, nikamshika Bibi mkono.

Baba alianza kueleza. Alisema ndoa ni ya halali, mbele ya kadhi. Alisema alikuwa akitafuta siku njema ya kutuambia. Alisema Kiembeni nyumba zote mpya, zafanana, hazina rangi, njia zapita vichakani, na mara ya kwanza alipotea akabisha hodi kwa watu, ndipo akatia alama. Mama alimwacha amalize.

"Dini imekupa ruhusa, mimi sina la kukukataza," alisema. "Lile la kunificha, nitakwambia siku nyengine, mtoto akiwa amelala. Leo nataka neno moja tu. Huko umekuita nyumba. Hapa ni wapi?"

"Hapa sihitaji mashine, mama Rukia. Hapa nafika nimefumba macho."

Nilipokuwa mkubwa nilijaribu kulipima jibu hilo, na kusema kweli si jibu baya. Yawezekana hata lilikuwa la kweli. Mama naye alilipima pale pale, nilimwona, na nadhani lilimgusa, kwa sababu sauti yake ilishuka. Lakini hakulipokea.

"Miaka yote hii mimi ndimi mwenye nyumba. Mtoto wako ametaka kuandika kwao, ameambiwa pamekwisha chukuliwa. Kichukue chombo chako. Hilo neno litoe huko, ulilete hapa. Na huko paite kwa jina lake mwenyewe."

Akakiteremsha kabatini akampa. Tukatoka uani sote, mpaka Bibi. Baba alikiinua usoni, mfuko bado uko begani, akasubiri setilaiti. Hazikuwahi kuchelewa namna ile. Kisha akaanza kufuta lile jina na kuandika jingine, kidole kikipanda na kushuka, na mimi, kwa vile nilikuwa mwanafunzi mwema na nilidhani hili ni fundisho jengine, nilisimama ubavuni mwake nikawa nazisoma herufi kwa sauti kila zilipotua. H. A. L. I. Hakuna aliyeninyamazisha. M. A. Nikaziunganisha kama tulivyofundishwa darasani, nikalitamka jina zima, na hivyo ndivyo Mama alivyolisikia kwa mara ya kwanza, kutoka kinywani mwangu.

Hakutikisika. Akaniambia, "Sasa andika la kwetu."

Niliandika. Safari hii mashine haikuuliza kitu. Mama aliinama akalisoma lile neno kwenye kioo, akahakikisha kila herufi, kisha akamwinulia Baba macho.

"Yenyewe imekubali," alimwambia. "Wewe je?"

Baba alisema, "Nimekubali," kwa sauti ya mtu anayeapishwa, na Mama akageuka akaingia ndani bila kumpokea mfuko. Mimi nikarukaruka uani nikishangilia, kwa sababu nilijua nimefaulu.